Jina Lako Bado Linasoma

Rwamgasa, Jumapili, wiki nne kabla ya Pasaka. Miezi saba tangu nitoke nyumbani.

Kabula, mdogo wangu,

Ni mimi kaka yako Luhende. Niliishia darasa la tano, kwa hiyo usinicheke mwandiko. Na vidole vimekufa ganzi. Kazi yangu huku ni kupasua mawe ya dhahabu kwa nyundo kabla hayajaingia kwenye mashine ya kusaga.

Kuna jambo tulilifanya baada ya wewe kufa. Bibi husema jina la marehemu kurithiwa si vibaya, ila mwenyewe huambiwa kwanza. Wewe hukuambiwa. Nakuambia leo.

Unamkumbuka Mbuke, yatima wa mama mdogo, aliyekuwa akilala kati yako na ukuta. Homa ilipokuchukua kule kwa bibi, Kharumwa, wakati wa likizo, yeye alikuwa na miaka minane na hana wa kumsomesha. Wewe ulikuwa na mfadhili, yule bibi wa ng'ambo aliyekusomesha shule ya kanisa. Tulijua kifo chako kikitajwa, nafasi itakwenda kwa mtoto wa kijiji kingine. Mama alikuwa anahamia Isaka kuwapikia madereva wa malori, na kwenye shule ya kanisa ya huko hakuna aliyekufahamu. Mama analia, mimi nasema, "Mpeleke Mbuke na karatasi za Kabula. Sura si moja?" Si mama aliyesema. Ni mimi.

Shule imemfaa, siwezi kudanganya. Ana viatu, anasoma Biblia kwa sauti bila kukwama, anataka kuwa nesi. Lakini barua za kwanza kwa mfadhili ilibidi anakili mwandiko wako, ule wa mkono wa kushoto. Akazoea. Siku hizi hata kufagia anafagia kwa kushoto.

Kabla sijaja huku nilimkuta uani, saa sita mchana, jua la utosi. Nikaita, "Mbuke!" Hakugeuka. Nikaita tena. Mama akaninong'oneza, "Hilo haitikii siku hizi." Nikaita jina lako.

"Abee, kaka!"

Ile abee yako ya kuvuta, kama mtu anayeitwa akiwa mbali.

Halafu kidevu. Bibi wa ng'ambo aliandika kwamba lile kovu lako halionekani kwenye picha mpya, anamshukuru Mungu limefutika. Mwalimu alituambia huku akicheka. Haikupita wiki, Mbuke ana kidonda kidevuni, palepale. Nikamuuliza amefanyaje.

"Nilianguka na ndoo kisimani, kaka. Si ulikuwepo?"

Nilikuwepo. Nilikuwepo na wewe, nilikubeba damu ikichuruzika. Yeye alikuwa bado ananyonya kwa mama yake. Mama anaapa hajawahi kumsimulia. Kigae chenye damu mama ndiye aliyekiokota nyuma ya choo, akakitupa, hatukukizungumza tena.

Yule bibi kila barua anamalizia kwamba anakuombea afya kila asubuhi. Mtu mwema. Kuna wakati nasimama na nyundo mkononi najiuliza: wewe uko ardhini mwaka wa tatu huu, maombi hayo yanamwangukia nani?

Juzi mama amepiga simu. Mbuke ametimiza kumi na moja, umri ule uliokufa nao. Walikuwa wanachambua mchele, mtoto akauliza, "Mama, hivi mimi niliugua siku ngapi?"

Mama akamkemea, "Wewe? Hujaugua wewe. Acha maneno ya kichawi."

Akasema, "Kumbe bado." Akaendelea kuchambua.

Na Pasaka mchungaji anambatiza. Kwa jina lako. Mama anasema tunyamaze, amalize shule kwanza. Mimi naogopa hatafika huko. Akishatiwa maji kwa jina la aliyekufa, tutamtoa wapi tena?

Nimeamua kwenda kwa mchungaji nikaseme yote. Huenda wakamwondoa shuleni. Mama ameshaniambia, "Umemsomesha wewe? Ukifungua mdomo, usikanyage kwangu." Kweli sijamsomesha. Nimemnyang'anya jina lake, sasa nitamnyang'anya na daftari. Nitawapigia magoti wamsajili kama Mbuke, yatima, maana ndivyo alivyo, hakuhitaji uongo wangu kuwa yatima. Wakikataa, basi. Heri mtoto asiye na shule lakini yu hai.

Na wewe, Kabula, nakuomba. Kama kuna mahali umemshika, mwachie. Kosa ni langu. Ukiwa na la kudai, nidai mimi.

Kaburi lako tuliliacha bila jina, tukiogopa mtu wa kanisa asije akapita. Jana fundi wa hapa amenichongea msalaba wa mninga. Akauliza aandike nini. Nikachora mwenyewe kwa mkaa, yeye akafuatisha kwa patasi, KABULA, herufi ndefu kama kidole. Sasa hata nikitaka kurudi nyuma, limeshachongwa.

Kwa heri, mdogo wangu. Pumzika, usimngoje mtu. Alhamisi ya kabla ya Jumapili ya Matawi naondoka hapa. Ijumaa niko kwako Kharumwa na msalaba begani. Jumamosi mchana, mama apende asipende, niko Isaka.

Kaka yako,
Luhende