Tundu Nyuma ya Mtungi

Agnes pokea simu! Haya basi soma.

Unamkumbuka mdogo wangu Editha na ule udongo wake wa kununua sokoni Moro? Tulivyomcheka eti ana mimba? Hana mimba shoga. Kapima, hana.

Sasa huku nyumbani Matombo, mama aliona tundu kwenye ukuta wa jiko, nyuma ya mtungi wa maji. Akasema panya hao. Mimi nikalisiliba kwa udongo mbichi. Asubuhi limefukuliwa, tena limepanuka.

Leo naingia kuchota maji, namkuta Editha kapiga magoti anakwangua kwa kijiko.

ANAKULA UKUTA, Agnes. Ukuta wa jiko la mama!

Kumbe nilivyosiliba nilikuwa nampakulia.

Hata hakushtuka. Macho meupe, midomo haina damu, anatafuna tu. Nikamwambia acha. Akasema, "Dada siwezi. Wali haupiti, huu ndio unapita."

Siwezi. Kasema hivyo, siwezi.

Nikamwita mama. Akakitazama kijiko, akalitazama tundu, akakaa chini.

"Irene, ita bodaboda. Jana jioni nilipaka sumu ya panya mle."