Bidoni ya Ndani ya Mashine

Jumatatu, 9 Machi
Ukungu mzito, baridi. Vilima vya Muheto havionekani.
Nimefungua ofisi ya ushirika wa maziwa, nimepangusa paneli ya jua, nimewasha mashine. Programu ya kuandikia ng'ombe bado inagoma: ni ya zamani, na mfumo wa Linux niliouweka ni mpya. Kwa hiyo nitatumia kontena. Humo programu inafungwa pamoja na kila inachohitaji, inaishi peke yake, haigombani na mashine. Mafaili niliyapakua mjini Goma, yako kwenye flashi.
Nimesakinisha. Amri ya kwanza imekataliwa: sina ruhusa. Sikuwa nimejiingiza kwenye kundi la watumiaji wa kontena. Nimejiingiza, nimetoka, nimeingia tena. Imekubali. Mchana programu imefunguka. Nimejipigia makofi, sikuwa na shahidi.

Jumanne, 10 Machi
Mvua tangu alfajiri.
Wenye ng'ombe wameleta maziwa, nasi tumewaandika ng'ombe wao moja kwa moja kwenye mashine: jina la ng'ombe, jina la mwenye ng'ombe, kilima chake, kama ana mimba. Mimi na Mama Furaha, anayepokea maziwa hapa. Daktari wa mifugo anataka majina ya ng'ombe wa kuchanjwa kabla ya Alhamisi adhuhuri. Asipoyapata, chanjo yote inakwenda kwa wafugaji wa Ngungu. Mwaka jana tulizika ng'ombe wengi. Sitaki tena.
Papa Bahati, rais wa ushirika, aliuliza lori gani litapita na kontena katika matope haya. Mama Furaha alicheka mpaka akashika mlango. Nikawaeleza: ni kama bidoni, dumu la kubebea maziwa. Programu ndiyo maziwa, unaibeba popote. Wakaelewa mara moja. Nilijiona mwalimu.

Jumatano, 11 Machi
Mawingu, upepo.
Tumemaliza ng'ombe wa mwisho. Wachungaji wamepanda malishoni, hawarudi kabla ya Jumamosi. Nimeondoka mapema kumwona mama, anaumwa mgongo. Nimemwachia Mama Furaha karatasi ya amri: kusimamisha kontena, kulifuta likikwama, kuanzisha jipya.

Alhamisi, 12 Machi
Jua. Anga safi kabisa.
Nimefungua programu. Tupu. Hakuna ng'ombe hata mmoja.
Mama Furaha alikuwa anakoroga chai. Nilimwuliza jana jioni alifanya nini. Hakushtuka hata kidogo.
“Bidoni haiwezi lala na maziwa ya jana, dada. Nilisimamisha, nikafuta, nikaanzisha ya mupya. Nilisafisha.”

“Ni wewe njo ulisema iko bidoni,” akaongeza.
Kweli. Hapa kila bidoni inaoshwa jioni, la sivyo maziwa ya kesho yanachacha. Nilimkasirikia kwa muda mfupi, kisha nikajikasirikia mimi. Papa Bahati aliingia, akatazama kioo kitupu, akasema: “Basi ng'ombe zetu zilikunywa moto ya batri.” Moto kwake ni umeme. Sikucheka.
Nilikaa. Nilifikiri kwa utaratibu. Kontena limefutwa, sawa. Lakini programu hii hujitengenezea ghala la data nje ya kontena, na ghala halifutwi mpaka uamuru. Mama Furaha hakuamuru. Nikaomba mashine inionyeshe maghala yote. Mawili, majina yake mlolongo mrefu wa herufi usiosomeka. Moja la jana jioni. Moja la Jumatatu.
Nikaanzisha kontena jingine, nikalifunga kwenye lile la Jumatatu.
Ng'ombe wa kwanza akatokea: Gaju, wa Muheto, ana mimba. Bihogo. Kisha wote.
Nilipanda kilimani penye mtandao, nikamtumia daktari majina. Adhuhuri ilikuwa haijafika. Amejibu neno moja: nakuja.
Niliporudi nimehamishia data kwenye ghala lenye jina linalosomeka, nimeweka nakala kwenye flashi. Nimeandika karatasi upya, bila amri ya kufuta. Mama Furaha ameisoma yote kwa sauti, amri kwa amri, kama sala. Hakukosea.

Jumamosi, 14 Machi
Manyunyu kidogo, kisha jua la upole.
Daktari alifika na sanduku la barafu. Mashine tuliitoa nje, juu ya meza. Mama Furaha ndiye aliyesoma majina kwenye kioo, nami nikasimama zizini. Alisoma polepole, wachungaji wakaleta ng'ombe mmoja mmoja. Wenye mimba daktari aliwatenga ili awachanje kwa uangalifu, kila mmoja alikuwa ameandikwa.
Chanjo imetosha. Hakuna ng'ombe aliyerudishwa bila kuchanjwa.
Miguu inaniuma. Nimekunywa maziwa ya moto na mama, mgongo wake umepata nafuu. Saa tatu na robo. Nalala.