Nyama ya Soya kwenye Arobaini ya Bibi

Jumapili, Adelphi. Manyunyu tangu asubuhi, na nyumba bado inanukia pilau.

Leo sijazungumza na mtu. Baba naye hajanisemesha.

Jana ilikuwa arobaini ya Bibi, mama yake Baba, aliyefia Tanga na sisi tuko huku ughaibuni. Baba alileta mbuzi mzima akanikabidhi mapishi, maana Mama alikuwa zamu kwa wazee anaowahudumia. Nikachanganya nyama ile na pakiti tatu za nyama ya soya kutoka duka la Wakorea, Annandale. Sikumwambia mtu.

Nieleze kwa nini, angalau hapa.

Tangu mradi wangu wa mwisho shuleni nafuatilia jinsi Asia inavyotengeneza nyama bila kuchinja: soya na uyoga Korea na China, na Singapuri kuku anayekuzwa kutoka chembe hai. Nilipoanza, duka lile lilikuwa na rafu moja tu ya vitu hivyo. Sasa ni friza nzima. Nyumbani naona haya kuyasema. Aliyenisikiliza ni Bibi, kwa simu, kila Jumapili. Meno yalikuwa yamemwisha, nyama haitafuniki, basi aliuliza kila kitu: ina harufu? Inatoa supu? Mara ya mwisho aliniachia ujumbe wa sauti: "Mke mwenzangu, ukienda huko kwa Wachina kusomea nyama yako, wa kwanza kuonja ni mimi. Usinisahau."

Nilidhani nimemkumbuka.

Wageni walisoma hitima, wakala. Mama Salma wa ghorofa ya chini akasifu nyama ilivyo laini. Kisha Baba akaenda kutupa taka, akaziona pakiti. Hakufoka. Alisubiri mgeni wa mwisho aondoke.

"Mama yangu sikumzika," alisema. "Lilibaki hili moja la kumfanyia, nawe ukalitia maharage."

Ningemwomba kwanza, pengine ingekuwa sadaka yangu pia. Nilipoficha, ikawa udanganyifu.

Leo mchana alipasha kiporo, akala wali mtupu. Vipande vyote alivisukuma pembeni, hata vya mbuzi, kwa sababu hakuweza kuvitofautisha.

Ile sauti ya Bibi sijampa mtu kuisikiliza. Niliiona ni yangu peke yangu. Lakini ni sauti ya mama yake.

Kesho, kabla hajaenda kazini, nitaweka simu mezani na kuibonyeza. Kisha nitakaa papo hapo. Sitakimbilia chumbani.