Vidole Visivyoungua

Mpendwa Mama,

Sijui barua humfikiaje aliyelala mavani, lakini sina mwingine wa kumwambia haya.

Unakumbuka ulivyokuwa ukipika vitumbua barazani petu, Mtopanga? Ulivigeuza kwa vidole vitupu, mafuta yakichemka, na majirani wakakusifu. "Wallahi, Bi Mkubwa ana mikono ya mpishi!" Nawe ukacheka: "Moto huu wanijua." Nami nikajivuna. Hatukujiuliza ni mtu gani asiyeungua.

Mwanangu Maimuna alipoacha ziwa, ulimchukua mjukuu wako alale nawe, kama ilivyo desturi. Kila usiku shavu lake lilikuwa juu ya mkono wako, mpaka ulipofariki wakati huu wa vita vya Wazungu.

Bibi aliyekuosha alinivuta kando. "Mwanangu, mamako alikuwa na ukoma. Nimeuona vidoleni na nyayoni. Siri ya maiti ni ya muosha, mimi sisemi. Lakini mtazame mtoto." Nilimkasirikia sana. Nilimwona mwongo.

Kisha baka likatokea shavuni kwa Maimuna, jeupejeupe, dogo kama ukucha. Nikalipaka wanja. Kila amwonaye hudhani namkinga na kijicho, kumbe namficha na dresa, yule msaidizi wa daktari wa zahanati, maana husemwa wenye ukoma huchukuliwa wakawekwa mbali na watu wao. Hajatimiza hata miaka minne. Huko atalala na nani? Baba yake huniuliza mbona wanja umezidi. Namwambia watu wana macho. Kila mwezi nalipanua lile doa la wanja.

Leo asubuhi nilikuwa napika vitumbua, naye kachutama kando yangu. Tone la mafuta likamrukia shavuni, pale pale penye wanja. Nikapiga ukelele. Yeye hakulia. Alijipangusa, akanitazama kwa furaha.

"Mama, mimi mpishi kama bibi."

Nikakigusa chuma cha vitumbua, nijijue na mimi. Kiliniunguza. Nililia, wala si kwa maumivu.

Sikulaumu, Mama. Wewe hukujua. Mimi nilijua nikanyamaza.

Nimemnawisha uso mpaka wanja wote umetoka, na baka ni kubwa kuliko nilivyodhani. Nimemvisha ile kanzu uliyomshonea, twende zahanati. Amekaa mlangoni ananingoja, anadhani tunakwenda kutembea.

Naogopa, Mama. Niombee nirudi naye.

Mwanao,
mamake Maimuna