Chupa Zisizotulia

Lucky Summer, Nairobi

Dadangu mkubwa Ndete,

Tumsifu Yesu Kristo. Goti la Mama linasemaje tangu mvua ianze? Huku sisi wazima. Kyule wangu amepona kabisa ile taifodi, sasa anakula kama askari.

Uliniuliza kazi yangu mpya ni ipi. Tunatengeneza mitungi ya udongo ya kuchujia maji ya kunywa. Ndani tunapaka maji yenye unga wa fedha, fedha hii ya pete, mwembamba hata jicho halioni chembe, nao huua vijidudu. Shida ni kwamba chembe hupenda kushikana. Basi Mourine, binti mkemia anayetuongoza, hutia gundi ya mgunga, kisha huingiza ncha ya mashine kwenye chupa iliyozungukwa na barafu. Mashine huyatikisa maji kwa sauti kali isiyosikika. Chembe zinaachana, maji yanakuwa rangi ya strungi, chai isiyo na maziwa, na yanatakiwa kubaki hivyo.

Yetu yalikataa. Kila asubuhi maji meupe juu, majivu chini. Makokha, fundi wa mashine, akanitania eti Mama Kyule niongeze maombi, mashine imeokoka nusu. Mourine hakucheka. Alisema mashine ni ya kuazima. Chupa zikiharibika tena, anairudisha na kufunga chumba chetu cha kazi. Moyoni nikasema haifungwi. Nilikaa kando ya kitanda cha Kyule hospitalini, na sitaki mama mwingine akalie kile kiti.

Sasa dada, usinikasirikie. Yale maji ya baraka uliyonitumia, nilikuwa nikitia kidogo katika kila chupa mashine ikizimwa, kwa ishara ya msalaba. Jumamosi nilienda matangani, wakatengeneza chupa bila mimi, na haikuacha majivu. Nikaelewa. Jumatatu nikamwambia Mourine yote mbele ya Makokha. Alicheka hadi akakaa sakafuni, kisha akanishika mkono, akasema baraka haina kosa, kosa ni la chumvi ambayo padre huitia humo. Chumvi huzishikanisha chembe tena.

Tangu hapo strungi ni strungi, na mashine haiendi popote. Nitumie maji mengine; nitanyunyiza mlangoni. Makokha naye anataka anyunyiziwe, nimemwambia asimame mbali na chupa.

Mtungi wa kwanza nimeuomba uje kwa Mama. Ukiupokea, ubariki kwa mdomo tu.

Mdogo wako katika Kristo,
Ndinda