Ukuta wa Sebuleni na Macho ya Mama

Mabini, Batangas
Ufilipino
9 Novemba

Mpendwa Dada Marivic,

Nisamehe kwa kukaa kimya muda wote huu. Kila nikishika kalamu Andoy analia, na akinyamaza naona haya kuandika. Leo nimejikaza kwa sababu Lorna, binti wa Bi Pasing hapa jirani, anarudi huko Milano na amekubali kukuletea barua. Kwenye simu siwezi. Mama huwa ameketi pembeni.

Hujambo lakini? Baridi imeshaanza? Na yule bibi unayemtunza, kifua kimepoa? Sisi wazima. Andoy anaota meno, kwa hiyo usingizi tunausikia kwa wenzetu. Bituin anaipenda shule.

Sasa lile la ukuta. Ulituambia tujaribu rangi mbili sebuleni, Kitani na Ganda la Yai, tukuonyeshe kwenye simu, uchague kabla ya Krismasi. Nilipaka vipande viwili, nikaandika majina chini kwa penseli. Bi Pasing akaja na mdomo wake: "Kitani kimepooza kama chai ya jana. Ganda la Yai ndilo lenye uhai!" Rodel wangu akabisha. Wewe nawe ukasema Kitani kimetulia zaidi. Ni Mama peke yake aliyesema, "Mbona hii ni rangi moja, wanangu?"

Tulicheka, Dada. Bi Pasing akamtania, "Shoga, macho yako yameshastaafu hayo!" Mama naye akacheka.

Mimi sikuishia kwenye kicheko. Kesho yake nikamwondoa jikoni asije akaungua. Nikamnyang'anya ungo wa mchele. Nikamkataza kumpeleka Bituin shule, kwa hofu ya pikipiki. Nilijiona namtunza. Wewe ukasema utamtafutia miwani.

Alitii, na hilo ndilo linaloniuma. Siku hizi anapapasa kiti kabla ya kukaa. Bituin akimwonyesha kalamu zake za rangi anazitaja zote sawasawa, halafu anasema, "Lakini labda nakosea."

Jumamosi Rodel akachukua kopo la Kitani aanze kazi. Akaniita, "Jovy, hili ulilipakaje bila kulifungua?" Utepe wa dukani ulikuwa bado kwenye kifuniko. Siku ile nilipaka na Andoy begani. Nikaenda kumlaza, niliporudi nikachovya brashi kwenye kopo lile lile. Vipande vyote viwili ni Ganda la Yai. Mama aliona sawa. Vipofu tulikuwa sisi.

Nilimpigia magoti nikamweleza. Akanishika kichwa: "Una moyo mzuri, mwanangu, ila usinibembeleze kama Andoy. Hata Marivic aliziona mbili, na yeye hana kawaida ya kunidanganya." Nikampa ungo wake. Akautundika ukutani, akarudi kitini.

Kosa ni langu, sikatai. Lakini nakwambia wazi, Dada, neno lako ndilo lililomkalisha pale, na langu halitoshi kumwinua. Nimepaka kipande cha Kitani chenyewe kando ya vile viwili. Hatapaka mtu ukuta ule mpaka Mama achague, hata Krismasi itukute na madoa.

Msalimie shemeji Arnel, na Giada wenu umbusu mashavuni. Rodel na Bituin wanakusalimu sana. Mungu akupe joto la mwili na la moyo huko ulipo.

Mdogo wako akupendaye daima,
Jovelyn

Ninavyohitaji bado kwenye sanduku unalotutumia: dawa ya upele wa nepi, ile ya kopo la bluu. Soksi za Bituin, mguu umekua. Kahawa ya Mama. Miwani usitume. Na kabla hujafunga sanduku, mpigie Mama, umwambie kwa mdomo wako kwamba hukuona rangi mbili. Ulisema tu kwa kuwa sote tulisema.