Jani la isale kwa Mama

Mama, shikamoo. Kuna kitu sijamwambia mtu yeyote: juzi nilikukana.

Tulikuwa sebuleni kwa Baba Mkubwa, mvua inapiga bati, tunakula ndizi nyama na kutazama Bunge. Walikuwa wanajadili kubadilisha sheria ya wakimbizi na uhamiaji. Mbunge mmoja akasema hata waliozaliwa kambini warudishwe, wenzake wakapiga meza. Baba Mkubwa naye akapiga yetu, mchuzi ukamwagika.

"Warudi kwao. Si mama yako ni Muha wa kule mpakani? Muulize, anawajua hao."

Nikaitikia kwa kichwa, kama Baba alivyotufundisha kila ukiitwa Muha. Shuleni nimeandika insha nzima ya Kiingereza kuhusu haki za wakimbizi, lakini sentensi moja ya Kiswahili, kwamba mama yangu ni Mrundi aliyezaliwa kambini, ilinishinda.

Halafu Baba Mkubwa akaongoza rozari, na nia ikawa ileile ya kila jioni: mwanawe Deo, aliyeomba hifadhi Ulaya, akubaliwe. Nina hasira hadi leo, Mama. Sikuitikia Amina.

Huku kwa kina Baba mtu akikukosea anakuletea jani la isale, na ukishaletewa huwezi kukataa kusamehe. Nimechuma moja mpakani mwa shamba, kipande chake nimekibandika hapa pembeni mwa kadi. Ni lako.

Nasikia ndala za Baba Mkubwa zinakuja mlangoni. Nilikuwa nimefunika kadi kwa mkono, sasa nimeuondoa. Haina bahasha, asome.

Kula vizuri, Mama, na usishushe sauti ukiimba Kirundi jikoni.

Mwanao, Upendo